Kipimajoto Husema Nini Katika Ukenekaji?

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, ndizi mbivu hukamuliwa kwa nyasi, na maji yake huchanganywa na unga wa mtama uliokaangwa. Mchanganyiko huo ukichachuka huwa rubisi. Wako wanaoikeneka rubisi, yaani kuichemsha, kukusanya mvuke wake na kuupoza, ili kupata pombe kali iitwayo gongo au moshi. Sheria ya mwaka 1966 inakataza kazi hiyo pasipo leseni. Je, kipimajoto kilichounganishwa na swichi inayojiendesha kingeweza kuifanya gongo iwe salama?

Katika usawa wa bahari, ethanoli, ambayo ndiyo kileo cha pombe, huchemka kwenye nyuzi 78.4 za Sentigredi, na maji kwenye nyuzi 100. Kuongeza kuni huzidisha wingi wa mvuke, wala si joto lake. Joto la mvuke hupanda kadiri ethanoli inavyopungua chomboni. Kwa hiyo kipimajoto kilichowekwa kwenye njia ya mvuke hueleza uwiano wa ethanoli na maji.

Katika mitambo ya kisasa hutumiwa waya mwembamba wa platinamu. Ukinzani wake wa umeme, ulio omu 100 kwenye nyuzi 0, hufikia omu 138.5 kwenye nyuzi 100. Kidhibiti hulinganisha kipimo hicho na kiwango kilichowekwa. Joto likizidi, hukata umeme wa jiko, likipungua, huurudisha. Pasi ya umeme hufuata kanuni hiyohiyo.

Hata hivyo, viwango vya kitabuni havifai kunakiliwa bila kufikiri. Kwenye mwinuko wa mita 1,500, kama ulio wa sehemu nyingi za Karagwe na Kyerwa, kanieneo ya hewa ni ndogo. Huko maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na ethanoli karibu na nyuzi 74. Kidhibiti kilichorekebishwa pwani kitakosea huko.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Pektini ya ndizi hutoa methanoli kidogo wakati wa kuchachuka, na wauzaji wasio waaminifu huweza kuongeza methanoli ya viwandani. Kwa kuwa methanoli tupu huchemka kwenye nyuzi 64.7, wengi hudhani kwamba hutoka yote mwanzoni. Sivyo. Ikiwa imechanganyika na ethanoli na maji, huendelea kutoka pamoja navyo. Kipimajoto hakiitambui, uchunguzi wa maabara ndio unaoitambua. Mwilini hugeuka kuwa asidi ya fomiki, ambayo hupofusha na huweza kuua.

Wanafunzi wanaweza kuchemsha maji safi shuleni, wakisoma kipimajoto kila dakika. Watakiona kikisimama kabla ya kufika 100, hata moto ukizidishwa. Jaribio hilo litawafundisha kwamba chombo hujibu swali kililoulizwa tu; nacho kipimajoto huulizwa joto, hakiulizwi sumu.