Kabla Hamjanunua Injini ya Boti ya Parokia

Maombi ya boti kutoka parokia zenye visiwa huwa yanafanana. Kamati inaeleza umbali wa kwenda zahanati, idadi ya vigango vilivyoko ng'ambo ya maji, kisha inamalizia: tunaomba injini yenye nguvu. Mfadhili naye, kwa moyo mwema kabisa, anauliza swali moja tu: nguvu farasi ngapi? Katika toleo hili tunaomba pande zote mbili ziongeze maswali. Boti ya abiria isiyomtii nahodha inapotakiwa kugeuka, kusimama au kurudi nyuma ni hatari kuliko boti ya polepole, na utii huo hautokani na ukubwa wa injini. Unatokana na propela (wengine huiita rafadha), mahali ilipofungwa, na mzigo uliomo.

Tuanze na jambo ambalo halina mjadala. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekaribia gati la kisiwa cha Ukara, Ukerewe, na watu zaidi ya 220 walipoteza maisha. Kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Miezi michache kabla yake kilikuwa kimefanyiwa matengenezo makubwa, pamoja na injini zake mbili. Injini nzuri haiongezi nafasi ya kukaa hata mtu mmoja. Kamati itakayosema "sasa tuna injini kubwa, tunaweza kubeba watu zaidi" imekosea tangu mwanzo, na hayo yanayofuata hayataisaidia.

Sasa tuje kwenye boti ya mbao ya kawaida, ya mita 10 au 12, yenye injini ya kupachika nyuma. Boti hii haina usukani wa ubao ndani ya maji. Inageuka kwa sababu nahodha anaigeuza injini yenyewe, na propela inasukuma maji upande. Maana yake ni hii: propela isiposukuma, hakuna kugeuka. Nahodha mgeni akiona anakaribia gati kwa kasi, hushtuka na kukata mafuta kabisa, halafu anazungusha mpini kwa nguvu zake zote. Boti inaendelea kwenda mbele kama gogo, kwa uzito wa abiria na mizigo yao. Nahodha mzoefu hupunguza mwendo mapema, mita nyingi kabla, kisha anaacha injini isukume kidogo kidogo hadi mwisho.

Boti yenye injini ndani na usukani nyuma ya propela ina tabia inayokaribiana na hiyo. Usukani unapata nguvu nyingi kutokana na maji yanayorushwa na propela. Ukiweka gia huru, usukani unalegea. Ukiweka rivasi, maji yanarushwa kuelekea mbele na usukani unakaribia kukosa kazi.

Katika rivasi kuna jambo jingine ambalo wengi hudhani ni ulevi wa nahodha. Propela nyingi, ukizitazama kutoka nyuma, huzunguka kulia boti inapokwenda mbele. Zikirudi nyuma huzunguka kushoto, na hapo huvuta tezi, yaani nyuma ya boti, kwenda upande wa kushoto. Kwa hiyo boti ya namna hiyo hupenda kufunga gati kwa ubavu wake wa kushoto: unakuja kwa pembe ndogo, unatia rivasi, na tezi inajisogeza yenyewe. Ukija kwa ubavu wa kulia, rivasi ileile inakutenga na gati, na hapo ndipo abiria huanza kuruka. Kama hamjui propela yenu ni ya upande gani, fungeni boti vizuri, tieni rivasi taratibu, mwangalie povu. Tezi itavutwa kwenda upande usio na povu jingi.

Je, injini mbili? Faida kubwa ni kurudi nyumbani moja ikizimika, na katika ziwa linalochafuka kwa ghafla faida hiyo si ndogo. Faida ya pili ni kugeuka: moja ikisukuma mbele na nyingine nyuma, chombo huzunguka karibu palepale. Katika Ziwa Tanganyika meli ya MV Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 na kuletwa Kigoma vipande vipande, ina propela mbili. Kwa miaka mingi ilisimama mbele ya vijiji visivyo na gati, abiria wakipanda na kushuka kwa mitumbwi, na kazi hiyo inataka chombo kinachoweza kurekebishwa mahali kilipo.

Lakini msiinakili Liemba kwenye boti yenye upana wa mita mbili. Injini mbili zilizobanana nyuma hazina nafasi ya kuvutana, kwa hiyo hazigeuzi sana. Zinaongeza uzito mahali pabaya, zinakunywa mafuta mara mbili, na zinadai vipuri mara mbili. Tena, kama zote zinanyonya tangi moja na petroli imeingia maji, zitazimika pamoja. Kwa parokia nyingi tungeshauri injini moja inayofaa, na nyingine ndogo ya akiba yenye tangi lake.

Tukisema inayofaa tunamaanisha nini? Boti ya mbao yenye tumbo hukata maji, haipandi juu yake. Mwendo wake una kikomo kinachotokana na urefu wa sehemu iliyozama. Kwa boti yenye mita 11 ndani ya maji, kikomo hicho ni kama kilomita 15 kwa saa. Ukibadilisha injini ya nguvu farasi 40 ukaweka ya 75, boti itaongeza kidogo sana mwendo. Itakachofanya ni kuzamisha tezi na kuinua pua juu, nahodha asione mbele, na wimbi linalofuata nyuma lipate mlango pale ubao ulipokatwa ili kufunga injini. Mfadhili aliyeongeza fedha kwa ajili ya farasi hao 35 angewanunulia abiria wote maboya ya kujiokolea.

Propela yenyewe ina namba mbili, kwa kawaida zikiwa zimegongwa kwenye chuma chake. Ya kwanza ni upana wake kwa inchi. Ya pili ni inchi ambazo ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa magumu kama mbao na propela ni skrubu. Namba ya pili ikiwa kubwa, ni sawa na lori lililopakia mahindi likipanda mlima kwa gia ya nne: injini inakoroma, haifikii mizunguko yake, inachoka mapema, na katika wimbi haina nguvu ya kuondoka. Injini nyingi zinazouzwa zimefungwa propela ya boti nyepesi za mwendo kasi. Boti ya abiria inataka namba ndogo zaidi. Kupunguza inchi moja huongeza takriban mizunguko 150 hadi 200 kwa dakika, na kitabu cha injini kinasema inatakiwa kufika mingapi.

Pimeni pia ubao wa nyuma kabla ya kuagiza. Injini fupi ni za ubao wa inchi 15, ndefu ni za inchi 20. Injini fupi kwenye boti ya ubao mrefu huacha propela karibu na uso wa maji. Kila wimbi linapoinua tezi, propela inameza hewa, injini inapiga kelele, na boti inakosa msukumo na uelekeo kwa pamoja, wakati ambapo vinahitajika zaidi.

Fundi akishafunga injini, msimlipe fedha ya mwisho siku hiyo. Pakieni mifuko 30 ya mchanga ya kilo 50, ambayo ni uzito wa watu wazima 20 hivi, mwende majini alasiri upepo unapovuma. Mwambieni nahodha wenu, si fundi, asimamishe boti kutoka mwendo wa kawaida, arudi nyuma mita 50, ageuke pande zote mbili, kisha afunge gati mara tatu. Avae kamba ya kuzimia injini mkononi muda wote. Na kwenye hati ya kupokea boti muandike propela ya akiba, kwa sababu ya kwanza itagonga jiwe.