Utaji wa Nuru Juu ya Kioo: Jua, Dashibodi na Macho ya Dereva

Apitaye Ruiru kuelekea Thika mchana wa jua kali, akikaribia kivuli cha daraja au cha lori lililotangulia, huona juu ya kioo cha mbele cha gari lake weupe hafifu uliotanda mithili ya utaji, na ndani ya weupe huo, akitazama vyema, atatambua taswira ya dashibodi yake mwenyewe: safu ya matundu ya hewa, risiti iliyosahauliwa, na ukingo wa plastiki uliopakwa polishi asubuhi ile. Wengi wamekwisha kuuzoea utaji huu hata hawauoni tena. Na hapo ndipo ilipo hatari yake, kwani mtu aliyefichwa nao, akivuka barabara kivulini, haonekani kwamba amefichwa.

Ibn al-Haytham, mwanachuoni wa Basra aliyezaliwa yapata mwaka 965 na kufia Kairo, alieleza katika Kitab al-Manazir kwamba nyota za mbinguni zipo mahali pake hata mchana, ila nuru iliyoenea hewani hulishinda jicho lisiweze kuzipambanua. Hali ya dereva ni hiyo hiyo, na hesabu yake si ngumu. Kioo, hata kiwe safi namna gani, hakikosi kurudisha sehemu ya nuru inayokifikia, na kanuni za kuikadiria sehemu hiyo tuliachiwa na Mfaransa Augustin-Jean Fresnel, aliyefariki mwaka 1827: nuru ikikijia kioo moja kwa moja, nyuso zake mbili hurudisha kama asilimia 8, ikikijia kwa mshazari wa digrii 60 kutoka njia hiyo ya moja kwa moja, hurudisha asilimia 16, na ikifika digrii 70, hukaribia asilimia 30. Sasa natuchukue karatasi nyeupe iliyolala juani juu ya dashibodi, irudishayo nuru kwa asilimia 80. Asilimia 16 ya hiyo ni karibu 13, ilhali lami ya barabara, katika jua lile lile, hurudisha asilimia 10 hivi. Maana yake ni kwamba taswira ya karatasi ile kiooni yaweza kung'aa kuliko barabara yenyewe. Na hata dashibodi ya kijivu isiyo na karatasi yoyote, irudishayo asilimia 20, huweka kiooni utaji wa asilimia 3. Na chini ya daraja, ambako mwanga waweza kupungua ukawa sehemu moja ya kumi, lami hubakiwa na asilimia 1 tu ilhali dashibodi ingali juani, na utaji ukawa na nguvu mara tatu ya kile dereva anachopaswa kukiona.

Mahali petu pana sababu ya ziada. Thika iko takriban digrii moja tu kusini mwa Ikweta, na katika miezi ya Machi na Septemba jua hupita utosini kabisa, yapata saa sita na nusu mchana, likaimwagia nuru yake dashibodi pasipo paa la gari kuikinga. Na magari ya siku hizi, ambayo aghalabu hutujia kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, yametengenezwa na vioo vilivyolala sana ili yaupasue upepo kwa wepesi na kuokoa mafuta. Land Rover za zamani zilikuwa na kioo kilichokaribia kusimama wima, na kioo cha namna hiyo humrudishia dereva taswira ya kifua chake na kiti chake, vitu vilivyomo kivulini. Lakini kioo kilichoinama hata kikafanya pembe ya digrii 30 na ardhi humrudishia taswira ya uso wa juu wa dashibodi, tena kwa mshazari ule ule wa digrii 60 tulioutaja. Manufaa ya mafuta yamelipiwa kwa macho, na sidhani kwamba wanunuzi waliwahi kuulizwa.

Juu ya hayo sisi wenyewe tumeongeza polishi. Katika sehemu za kuoshea magari, Ruiru na kwingineko, kazi haihesabiwi kuwa imekamilika mpaka kijana achukue chupa yake, anyunyize mafuta ya silikoni juu ya dashibodi, na kuisugua kwa kitambaa mpaka plastiki ya miaka mingi irejee kung'aa kana kwamba imetoka kiwandani jana. Naye mwenye gari huiangalia, akaridhika, akalipa. Kijana yule hana kosa, maana hufanya anachoombwa. Lakini uso mkavu usiong'aa huitawanya nuru kila upande, na sehemu ndogo tu ndiyo iufikiayo kioo kwa pembe ya kumdhuru dereva, ilhali uso uliopakwa mafuta huirusha nuru upande mmoja kama kioo kifanyavyo. Kwa kioo cha mbele chenye mlalo niliousema, na dashibodi iliyo bapa, jua lililo mbele ya gari kwa kimo cha digrii 60 hurushwa na dashibodi hadi kiooni, na kutoka kiooni hadi kwenye mboni za dereva. Atokaye Thika kwa barabara ya Garissa, inayoelekea mashariki, atalikuta jua katika kimo hicho yapata saa nne na nusu asubuhi katika mwezi wa Machi. Nalo litamjia mara mbili, mara moja kutoka mbinguni, na mara ya pili likipanda kutoka chini, mahali ambapo kofia wala kikinga jua cha gari hakifiki.

Madereva wa mashindano walilijua jambo hili zamani. Mbio za Safari, zilizoanzishwa mwaka 1953, ziliwapitisha katika jua la nchi hizi mchana kutwa, na Datsun 240Z iliyomletea Edgar Herrmann ushindi wa mwaka 1971 ilikuwa nyekundu, ila boneti yake ilipakwa rangi nyeusi, ambayo ni dawa ya kuzuia mng'ao usimrudie dereva usoni. Marubani nao huwekewa uso mweusi usiong'aa chini ya vioo vyao. Ajabu ni kwamba tuendeshao magari ya kawaida twatafuta kinyume chake, na kukilipia.

Basi dawa ya kwanza ni kuacha: dashibodi ipanguswe kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, na karatasi zote ziondolewe. Dawa ya pili ni mahameli nyeusi. Nuru iingiapo katika manyoya ya mahameli hugonga unyuzi mmoja baada ya mwingine, na kila igongapo sehemu yake humezwa, hata ile itokayo nje ikawa kama asilimia 1, au pungufu. Na asilimia 16 ya hiyo haimsumbui mtu. Baadhi ya matatu hutandikwa kitambaa cha manyoya juu ya dashibodi kwa ajili ya pambo, nacho, kikiwa cheusi, hufanya kazi hii barabara. Kikiwa cheupe, huzidisha maradhi. Ila kitambaa kikatwe kwa uangalifu kisiyazibe matundu yanayopuliza hewa kwenye kioo, wala kisipite juu ya kifuniko cha mfuko wa hewa ulio mbele ya abiria, ambao wakati wa ajali hufumuka kwa kasi na hautakiwi kuzuiwa na chochote. Tena kifungwe, kisiteleze.

Iko dawa ya tatu, iliyotokana na tukio la mwaka 1808, ambapo Étienne-Louis Malus, akiwa Paris, alilitazama jua la magharibi likimulika madirisha ya kasri la Luxembourg, akaliangalia kupitia kipande cha kalisaiti. Na alipokizungusha kipande kile akaona taswira ya jua ikififia na kurudi. Nuru iliyorudishwa na kioo ilikuwa imejipanga, mitikisiko yake ikielekea upande mmoja. Upangaji huo hutimia kabisa kwenye mshazari wa digrii 56, na digrii 60 za kioo cha gari ziko jirani mno na hapo. Ndiyo maana miwani ya polaroidi, iliyotokana na uvumbuzi wa Mmarekani Edwin Land, huufuta utaji wa dashibodi karibu wote na kuiacha barabara ionekane. Miwani myeusi ya kawaida hupunguza utaji na barabara kwa kiasi kimoja, kwa hiyo haisaidii. Miwani ya polaroidi ivuliwe jua lichwapo, na anayeitumia asishangae ikiwa kioo cha simu yake kitaonekana cheusi akikigeuza.

Limebaki jambo moja la kioo chenyewe. Plastiki ya dashibodi, gari linapoegeshwa juani, hutoa mvuke wa kemikali zilizotiwa ili kuilainisha, na mvuke huo hutua upande wa ndani wa kioo ukawa utando wa mafuta, ambao hukamatana na vumbi jekundu la barabara za kando na kuitawanya kila nuru inayoupitia. Huondolewa kwa maji ya sabuni na kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha kioo hukaushwa kwa kitambaa cha pili kilicho kikavu, kwa kuwa kile cha kwanza kimekwisha kunywa mafuta na kingeyarudisha. Na kazi hiyo hurudiwa kila baada ya majuma machache, hasa katika kiangazi cha Januari na Februari, wakati mvuke unapozidi.