Ndondo ina mihogo, UMISSETA haina

Mtumishi akipangiwa kazi Mkange, mkoani Pwani, hupita Mandera na Miono, au hushika njia ya Bagamoyo, akapita Makurunge na kuvuka mto Wami. Njia yoyote atakayopita, jioni ikifika ana maswali mawili: atakula nini, na mpira atauangalia wapi. Jibu jepesi lipo kila kona ya nchi. Ni chipsi mayai, halafu kibanda umiza chenye king'amuzi na mabenchi ya mbao, Simba au Yanga kwenye skrini. Ukimaliza safari nzima namna hiyo, unarudi ofisini hujui kama posho yako umeilia Pwani au Singida.

Jibu la pili linataka ufike kwa majira yake. Kuanzia Juni hivi masika yamekwisha, vumbi limerudi barabarani, ufuta umeanza kuuzwa mkoani Pwani na mifukoni kuna chochote. Ligi nazo zimefunga msimu, kwa hiyo mchezaji wa daraja la chini yuko nyumbani anasubiri usajili. Hapo ndipo ndondo, mashindano ya mtaani, inaposhika moto. Timu za vijiji na vitongoji huchangishana ada, diwani au mfanyabiashara mwenye nia ya kujulikana hutoa zawadi, na bingwa huondoka na mbuzi. Mwaka wa neema huondoka na ng'ombe.

Pembeni ya uwanja kuna mchezo mwingine, na mimi huutazama zaidi ya mpira. Mama lishe ana karai la mafuta na ndoo ya mihogo iliyomenywa. Muhogo wa kukaanga ni mtamu ukiwa wa moto tu. Ukipoa unakuwa mgumu na mteja anaanza kuomba apunguziwe bei. Kwa hiyo hakaangi wote kwa mpigo. Mapande ya kwanza huyatia dakika chache kabla ya mapumziko, akiisikilizia filimbi, na watu wanapomiminika kutoka kwenye mstari anakuwa anayaopoa, anapaka pilipili na chumvi na kuyafunga kwenye gazeti. Refa akiongeza dakika tano, mihogo inaungua. Nimewahi kumsikia mmoja akimfokea mshika kibendera kwa sababu hiyo, na hakuwa na timu yoyote. Mwenzake jirani ana sufuria mbili: bada, yaani ugali wa muhogo, na kisamvu cha nazi. Siku ambayo mto umetoa, kuna kambale au perege wa Wami.

Sasa linganisha na mashindano tunayoyaita ya kitaifa. UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, huanzia shuleni, hupanda kata, wilaya na mkoa, kisha mikoa yote hukusanyika kituo kimoja. Mtoto wa Mkange akifika huko juu anavaa jezi ya Pwani, analala bwenini, anakula wali na maharage ya kambini. Mashindano yakiisha, kila mkoa unapanda basi lake. Mwakani kituo kinaweza kuwa mji mwingine. UMITASHUMTA ya shule za msingi inakwenda kwa mtindo huohuo, na mashindano ya vyuo hayako mbali nao. Sisi watumishi nasi tuna SHIMIWI na SHIMMUTA, michezo ya wizara na mashirika, ambako safari ya kikazi na safari ya mpira ni kitu kimoja, tena yenye posho.

Vipaji vinapatikana huko, hilo halina ubishi. Lakini sijui chakula chochote ambacho watu hukihusisha na UMISSETA, na sababu naiona katika muundo wenyewe. Mama lishe hujifunza soko kwa kurudiwa. Akijua kwamba kila wiki kutakuwa na mechi uwanja uleule, atanunua karai kubwa, atamkopa mvuvi, atajua nani hali pilipili. Mashindano yanayokuja mjini mara moja na kuondoka humpa mauzo ya siku chache, hayampi mazoea. Kuna pia ule mkatiko wa mwanzoni mwa miaka ya 2000, serikali ilipoisimamisha michezo hii ya shule kabla ya kuirudisha baadaye katika muongo huohuo. Mashabiki wa timu ya shule hawakui katika hali hiyo.

Wamarekani wanatoa kipimo kizuri. Mpira wao, ule wa umbo la yai, ulikuzwa na vyuo vikuu. Mechi ya kwanza ya vyuo inayohesabiwa ni ya Rutgers na Princeton mwaka 1869, na NFL, ligi yao kubwa ya kulipwa, ilianzishwa 1920. Kwa nusu karne hiyo miji mingi isiyo na timu ya kulipwa ilijifunga na timu ya chuo chake. Ann Arbor, mji wa watu wapatao 120,000, una uwanja wa chuo unaoingiza zaidi ya watu 107,000. Siku ya mechi watu huwahi saa kadhaa, hufungua magari maegeshoni, huwasha majiko na kula. Mgeni wa kikazi akiangukia Louisiana atapewa gumbo, mchuzi mzito ambao mara nyingi una bamia na kamba, na mtu wa Saadani, pwani ya kwetu, hatahitaji kufundishwa namna ya kuula. Hayo yote yanasimama juu ya ratiba: kila msimu wa vuli timu hucheza nyumbani Jumamosi kadhaa, uwanja uleule.

Hapa watu wa shule huniuliza kuhusu mamluki, wachezaji wa kukodiwa. Ni kweli, ndondo imejaa mamluki. Timu ya kitongoji inaweza kuwa na kipa wa Tanga, washambuliaji wawili wa Dar es Salaam, na kamati ya ufundi (sizungumzii makocha) iliyofuatwa mbali zaidi. UMISSETA, mamluki akibainika, ni kosa la kufungiwa. Lakini angalia kinyume kilichopo: UMISSETA ina wachezaji wa kwao kwenye uwanja usio wa kwao, ndondo ina wageni kwenye uwanja wenye wenyewe. Na ni ndondo inayojaza watu. Vyuo vya Marekani navyo husajili vijana kutoka majimbo ya mbali. Wenyeji ni mashabiki, uwanja na sufuria. Mpishi hajali kipa amezaliwa wapi, mradi mechi irudi wiki ijayo.

Ratiba ya namna hiyo Uganda wameijaribu, karibu yetu. Ligi yao ya soka ya vyuo vikuu, iliyoanza 2012, inachezwa nyumbani na ugenini, na wanafunzi hujaa kwenye viwanja vya vyuo vyao kushangilia. Kwetu hoja ya umbali ni nzito kwa vyuo: kutoka Mwanza hadi Mtwara si safari ya kila wiki. Kwa sekondari za kata haina uzito huo. Mkange, Miono na Kiwangwa ziko halmashauri moja ya Chalinze. Lori moja la mashabiki lingetosha, na Kiwangwa wangepokea wageni kwa mananasi yao, ambayo hayana mpinzani ukanda huu wote.

Barabara ya Bagamoyo hadi Tanga kupitia Pangani itaongeza uharaka wa kuwa na ratiba kama hiyo. Kipande cha Mkange hadi Pangani pekee ni zaidi ya kilomita 120, na ujenzi wa namna hii huleta vijana wenye mishahara, timu zao na hamu ya chipsi. Mama lishe si mtu wa makumbusho. Chipsi zikilipa, atakaanga chipsi. Bada litabaki pale ambapo kuna watu wanaolifuata kwa siku maalumu, na mechi ni siku maalumu.

Basi ukipangiwa Mkange mwezi wa saba, uliza ratiba ya ndondo kabla hujauliza gesti. Mpira huanza saa kumi, baada ya swala ya alasiri. Fika saa tisa na nusu, maana kambale hawafiki kipindi cha pili.