Nyumba Yenu Ina Watu Wangapi?

Swali hili laonekana kuwa jepesi. Lakini mwandishi wa chama cha kusaidiana katika ugonjwa, ambacho wengi wetu twakiita mutuelle, afikapo mlangoni na daftari lake, wazee wengi husita. Je, mtoto wa marehemu ndugu yetu ahesabiwe? Na bibi aliyekuja kutibiwa, kisha akabaki? Na mwanafunzi alalaye shuleni? Twapenda kuyaeleza mambo haya, kwa sababu katika hesabu hiyo mna uzima wa watu.

Kwanza tufahamu chama chenyewe. Kila mtu hutoa kidogo angali mzima, ili atakayeugua atibiwe kwa mali ya wote. Katika nchi yetu mfano unaojulikana sana ni ule wa Bwamanda, katika Ubangi. Mwaka 1986 hospitali ya huko ilianza mpango wa namna hiyo. Mchango wa mtu mmoja kwa mwaka ulikuwa sawa na bei ya kilo 2 hivi za soya, nao ulikusanywa wakati wakulima walipokwisha kuuza mavuno, fedha ingali mkononi. Mwanachama akilazwa, alilipa sehemu 1 ya 5 ya gharama. Sanduku la chama lililipa zilizobaki. Mwaka ule wa kwanza waliingia watu 28 hivi katika kila 100.

Lakini angalieni kanuni moja: aliyeandikwa hakuwa mtu peke yake, bali jamaa nzima. Kwa nini? Tuseme baba mwenye watu 8 amwandika mke wake mwenye mimba na mtoto wake mgonjwa tu, na majirani wote wafanya vivyo hivyo. Sanduku litapokea michango ya wagonjwa watupu, na kabla ya mwaka kwisha litakuwa tupu. Walio wazima ndio wanaowabeba wagonjwa. Kesho zamu itageuka.

Jirani zetu wa Rwanda nao walifuata njia hiyo. Walianza kujaribu mwaka 1999 katika Byumba, Kabgayi na Kabutare, na sheria ya mwaka 2007 ikamtaka kila mkaaji wa nchi awe na bima ya ugonjwa. Mwaka 2011 mchango ulipangwa kwa kadiri ya hali ya nyumba: faranga 2,000, au 3,000, au 7,000 kwa kila mtu, na maskini kabisa walilipiwa. Basi pigeni hesabu. Nyumba ya hali ya kati yenye watu 4 ilitoa faranga 12,000. Yenye watu 9 ilitoa 27,000.

Hapo ndipo penye kishawishi. Mzigo wa jamaa kubwa ni mzito kweli, wala haifai kumcheka baba anayeguna akiona jumla hiyo. Yafaa viongozi wa vyama wakubali mchango utolewe kidogo kidogo, na parokia ikumbuke nyumba zisizoweza. Lakini dawa ya uzito huo si kuwaficha watu.

Na nani hufichwa? Kwa kawaida si mtoto wa kuzaa. Hufichwa yatima, shangazi mjane, mzee asiye na nguvu. Wakati wa kuchota maji na kulima, yatima ni mtoto wa nyumba. Wakati wa kuandikwa, amekuwa mgeni! Kisha usiku mmoja malaria yampata. Baba mlezi aazima kadi ya mwanawe, na yatima aingia hospitali kwa jina la mwingine. Mwuguzi aandika dawa na damu aliyopewa katika karatasi isiyo yake. Siku nyingine daktari atakaposoma karatasi hiyo, atamtibu mwana wa nyumba kwa habari za mtoto mwingine. Uwongo mmoja umewahatarisha watoto wawili.

Basi, ni nani wa nyumba? Kwa desturi ni wale walalao chini ya paa moja, walao chungu kimoja, na kumtegemea mkuu mmoja wa nyumba. Hata hivyo kila chama kina kanuni zake, na katika Kongo vyama hivi vina sheria yake tangu tarehe 8 Februari 2017. Ulizeni kabla ya kulipa: mwanafunzi wa bweni aandikwe wapi? Mtoto akizaliwa katikati ya mwaka, aongezwe namna gani? Kijana akioa, atoke lini katika daftari la baba yake? Wala mtu mmoja asiandikwe katika nyumba mbili.

Nanyi wanafunzi mjuao kuandika, wasaidieni wazazi. Andikeni kila jina kama lilivyo katika cheti cha ubatizo au cha kuzaliwa, pamoja na mwaka. Kisha msomeeni baba na mama orodha nzima kwa sauti.

Mtakatifu Yosefu alipokwenda Betlehemu kuandikwa, hakumwacha Maria nyuma, ingawa safari ilikuwa ndefu na siku zake za kujifungua zilikuwa karibu. Mtoto hakuwa wa damu yake Yosefu, naye alimpa jina na kumlea. Kila baba mkristu anayeshika kalamu mbele ya daftari la chama na amtazame mlinzi huyo wa Jamaa Takatifu, kisha ahesabu tena watu wake, akianza na yule aliye mnyonge kuliko wote.