Nyumba Mpya: Pitieni Bodi Kwanza



Mfanyakazi wa chai akistaafu, anaacha nyumba ya kampuni. Wengi hapa Kericho na Bomet wananunua kashamba kenye nyumba mpya, wanaandikiana mbele ya wazee, wanahamia. Hiyo karatasi peke yake haitoshi.

Sheria ya 1967 yasema uuzaji wa shamba la kilimo lazima ukubaliwe na Bodi ya Ardhi. Maombi yapelekwe kabla miezi 6 haijaisha tangu mkataba. La sivyo, mkataba waweza kuhesabiwa hauna nguvu. Hapo unabaki kudai pesa zako, si nyumba.

Kwa hivyo:

1. Angalia kwa ofisi ya ardhi hati ni ya nani, na kama ina deni la benki.
2. Ikiwa bado ni ya marehemu, urithi umalizike kwanza.
3. Mke au mume wa muuzaji akubali.
4. Nendeni Bodi pamoja, muuzaji na mnunuzi.
5. Pesa kubwa ilipwe baada ya kibali.

Mursik ya kuingia nyumba itangoja. Miezi 6 haingoji.