Bi Maria wa Nantucket, Saa za Baharini na Kitambaa cha Merikani

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, wajukuu walituchukua Nantucket, kisiwa kidogo kiasi cha maili 30 kutoka pwani ya Massachusetts, Marekani. Usiku wa pili tulipanga foleni na wageni wengine nje ya nyumba ya darubini iitwayo Loines, ambayo hufungua milango yake kwa umma pale mbingu inapokuwa safi. Jioni ile ilikuwa ya kumkumbuka Bi Maria Mitchell, binti wa kisiwa hicho hicho, aliyezaliwa tarehe 1 Agosti 1818. Ukungu wa bahari ulitukawiza kidogo, kisha mbingu ikafunguka. Kijana aliyekuwa akitusomesha akatuonyesha nyota tatu kubwa za kiangazi: Vega, Altair na Deneb. Mjukuu wetu wa kike, wa miaka kumi na moja, akatutupia jicho, kwani haya alishayasikia nyumbani. Basi tukawaeleza waliokuwa karibu nasi kwamba majina yote matatu ni Kiarabu kilichokatikakatika: al-Waqi', tai anayetua, al-Ta'ir, tai anayeruka, na dhanab, mkia. Mzee mmoja wa Kimarekani akasema ameyatamka majina hayo maisha yake yote bila ya kujua kuwa anasema Kiarabu.

Wasomaji wetu wa Muscat na London huenda wakajiuliza, Nantucket inatuhusu nini? Inatuhusu kwa njia ya bahari.

Katika ujana wa Bi Maria kisiwa hicho kiliishi kwa nyangumi. Meli zake zilikwenda safari za miaka mitatu au minne, na meli za kuwinda nyangumi kutoka pwani ile ya New England zilifika mpaka bahari yetu na kutia nanga Unguja kuchukua maji na vyakula. Kila nahodha alibeba kronomita, yaani saa ya baharini. Baba yake Maria, William Mitchell, alikuwa mwalimu aliyependa ilimu ya falaki, na manahodha walimletea saa zao azipime. Inasimuliwa kwamba Maria alipofika miaka 14 walikuwa wakimwachia yeye kazi hiyo baba asipokuwapo.

Kazi yenyewe ni nzuri kuieleza, maana wengi wetu tuliisikia skuli tusiifahamu. Dunia hugeuka digrii 15 kwa kila saa moja. Nahodha akijua kwa yakini ni saa ngapi Greenwich, na akipima jua au nyota akajua ni saa ngapi pale alipo, tofauti ya saa mbili hizo humwambia yuko umbali gani mashariki au magharibi. Lakini hakuna saa isiyokosea. Kosa la sekunde 4, karibu na ikweta, ni maili moja ya bahari. Saa inayokimbia sekunde 1 tu kwa siku, nahodha asijue, baada ya siku 100 itakuwa imempoteza maili 25, na hizo zatosha kuivunja meli juu ya mwamba. Kwa hivyo kabla ya kung'oa nanga, saa ilipimwa kwa nyota siku baada ya siku, mpaka ijulikane inazidi au inapungua kwa kiasi gani. Haikuwa lazima saa iwe sahihi. Ilikuwa lazima kosa lake lijulikane na liandikwe.

Manahodha wetu wa majahazi hawakuihitaji saa hiyo. Walipima urefu wa nyota juu ya upeo wa bahari kwa kamali, kipande cha ubao chenye uzi na mafundo, na ilimu hiyo aliiandika Ahmad bin Majid wa Julfar katika karne ya 15. Nyota ya Jaa iliwatosha upande wa kaskazini. Wakivuka ikweta kuja Unguja, Jaa huzama, wakategemea nyota nyengine. Ama mashariki na magharibi, kusi na kaskazi ziliwachukua kwa njia iliyojulikana, na pwani haikuwa mbali.

Bahari ya Atlantiki ilikuwa habari nyengine. Sayyid Said bin Sultan alipotaka kupeleka meli Marekani, baada ya mkataba wa biashara wa 1833, alimpa Ahmad bin Na'aman uongozi wa jahazi Sultana, lakini kazi ya kuiongoza njia akapewa Mwingereza mmoja, William Sleeman, aliyejulikana zaidi kwa ulevi wake. Walifika New York tarehe 30 Aprili 1840 hali meli imechakaa, na Wamarekani wakaitengeneza. Wakati huo Bi Maria alikuwa na miaka 21 na ni mkutubi wa kisiwa chake. Hatuna haja ya kuwakutanisha watu wawili hao wasiokutana. Tunachosema ni kuwa ilimu ambayo Sultana iliazima kwa mlevi, kule Nantucket ilikuwa mikononi mwa msichana.

Usiku wa tarehe 1 Oktoba 1847 kulikuwa na wageni nyumbani kwa akina Mitchell. Binti akawaacha na chai yao, akapanda juu ya paa na darubini yake ndogo, na kiasi cha saa nne na nusu akaona wingu dogo la mwanga digrii 5 juu ya Jaa, mahali ambapo alijua hapana kitu. Ilikuwa nyota ya mkia, isiyoonekana kwa macho matupu. Mfalme wa Denmark alikuwa ameahidi medali ya dhahabu kwa mtu wa mwanzo kugundua nyota ya namna hiyo kwa darubini. Maria akasita kutangaza. Baba yake ndiye aliyeandika barua Harvard, tarehe 3 Oktoba, na siku hiyo hiyo padri de Vico akaiona kutoka Roma na akatoa habari bila ya kukawia. Sharti la medali lilikuwa kutoa taarifa mara moja. Ilibidi rais wa Harvard, Edward Everett, ashike kalamu kumtetea mpaka medali ikatoka, mwaka 1848. Kilichomwokoa ni kwamba tarehe na saa vilikuwa vimeandikwa.

Miaka kumi baadaye alikwenda Roma, akaomba kuingia nyumba ya darubini ya mapadri. Kwa mwanamke ilihitajika ruhusa maalumu. Akaipata, lakini kwa sharti la kutoka kabla ya usiku kuingia! Mwaka 1865 akawa mwalimu wa falaki katika chuo cha wasichana cha Vassar, na alipojua kuwa wanaume waliokuwa wadogo kwake wanalipwa zaidi, akadai mshahara wake mpaka ukaongezwa.

Liko jambo jengine ambalo jioni ile halikutajwa. Inasimuliwa kwamba Bi Maria aliacha kuvaa pamba, kwa sababu ililimwa na watumwa wa majimbo ya kusini. Pamba hiyo hiyo ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, ikapakiwa Salem, ikashushwa Forodhani kwetu kwa jina la merikani, ikabadilishwa na pembe, sandarusi na karafuu. Na karafuu zilichumwa na nani? Wamo katika wasomaji wetu wasiopenda suala hili litajwe katika jarida la turathi. Sisi tunaona kuwa aliyehifadhi kipande cha merikani ya bibi yake kwenye sanduku amehifadhi ncha mbili za utumwa kwa pamoja, na mwanahistoria hana ruhusa ya kukunjua ncha moja tu.

Marehemu mama yetu alijua nyota. Nyumba yetu ya Mji Mkongwe ilikuwa na sakafu ya juu, na huko, usiku, wanawake walikuwa huru kutazama watakavyo. Kilimia kilimwambia lini shamba litayarishwe, na nyota za alfajiri zilimwamsha daku bila ya saa. Hakuandika hata neno moja. Sayyida Salme, aliyezaliwa 1844, ametueleza kuwa wasichana wa zama zake walifunzwa kusoma tu, na kuandika alijifunza kwa siri. Na hali hiyo ilidumu majumbani mpaka enzi ya mama yetu. Sisi wanawe tulisoma kwa Kiarabu na Kiingereza, tukaandika vitabu juu ya mikataba na mabalozi, wala hatukukaa naye hata usiku mmoja na daftari. Majina mengi ya nyota aliyoyataja yametutoka.

Tuliporudi nyumba tuliyofikia, wajukuu wengine wakalala. Yule wa miaka kumi na moja akabaki nasi ukumbini, na upande wa mashariki, juu kidogo ya bahari, Kilimia kilikuwa kinachomoza. Akauliza jina, tukamwambia. Akataka aliandike sawasawa, akaangalia saa, akaandika: Kilimia, saa tano na dakika arobaini usiku, Nantucket. Halafu akauliza jina la nyota nyekundu upande wa pili, na jina alilokuwa akiliita mama hatukulikumbuka.