Ndara za Pafo na Upatanisho wa Kilatini

Wapo wanaodhani kwamba majina ya Kilatini yaandikwayo kwenye vibao vya mimea ni mbwembwe za wasomi. Natuzitazame okidi zile ambazo ua lake lina umbo la ndara. Hazioti porini Afrika. Hapa kwetu ni wageni wa vyungu. Linnaeus aliziita Cypripedium mnamo 1753, akimkumbuka mungu wa kike wa Wayunani aliyehusishwa na Kisiwa cha Kupro. Mwaka 1886 Pfitzer alizitenga zile za Asia ya joto, akaziita Paphiopedilum, yaani ndara ya Pafo, mji wa kisiwa hicho hicho.

Mwanafunzi wa Kiswahili hana sababu ya kubabaishwa na majina hayo. Kilatini nacho kina ngeli na upatanisho. Kwa kuwa nomino hii si ya kiume wala ya kike, sifa yake huishia -um: micranthum, rothschildianum. Aandikaye micrantha hapa ni sawa na asemaye "kiti mzuri". Nao mwisho -ii hufanya kazi ya -a unganifu wetu: kovachii ni "ya Kovach".

Kovach huyo alizusha mtafaruku. Mwaka 2002 alinunua nchini Peru okidi ya ajabu, yenye ua kubwa la zambarau, akaiingiza Marekani bila kibali cha mkataba wa CITES. Wataalamu wa bustani ya Marie Selby, Florida, waliharakisha kuchapisha jina Phragmipedium kovachii, siku chache tu kabla ya jina shindani, peruvianum. Kanuni humpa haki aliyetangulia kuchapisha. Hivyo fahari ya Peru ikabaki na jina la mtu aliyetiwa hatiani mwaka 2004. Kwangu mimi hiyo ni dhuluma iliyohalalishwa na sarufi.

Mnunuzi naye asikubali kibao kisemacho "okidi" tu. Jina la mseto, kama Maudiae, huanza kwa herufi kubwa. La spishi, kwa ndogo. Anayeyachanganya aweza kuuziwa mseto wa kawaida kwa bei ya spishi adimu. Kibao kiandikwe kwa penseli, kwani wino hufifia juani, na mmea usio na ua ni vigumu kuutambua.

Okidi hizi hazina shina nene la kuhifadhi maji, hivyo mizizi isiachwe ikauke kabisa, wala isituame majini. Zipewe kivuli, na zinyweshwe asubuhi, ili maji yaliyobaki katikati ya majani yakauke kabla ya usiku.